Ukuta wa Seli Uliopakwa Kinyumenyume

Jina langu ni Jonah Muthama, fundi wa mabango. Nilianzia kazi Kambu mwaka wa 1971, nikiandika majina ya hoteli na maduka kando ya barabara kuu ya Mombasa. Bango langu la kwanza lilisema CHAI MOTO NA NYAMA CHOMO. Mwenye hoteli, Hemedi, alikuwa hajui kusoma, nami nilikuwa najua kidogo tu, kwa hiyo bango lilikaa miaka minne. Siku moja dereva wa lori akalisoma kwa sauti na kucheka hadi akamwaga chai. Hemedi hakuniita tena.

Nilipohamia mji wa Wote nilikuwa nimejifunza kuandika vizuri zaidi. Lakini ile tabia ya kujiamini mbele ya jambo nisilolijua, nilihama nayo.

Mwaka wa 1989 niliitwa na Mwalimu Mumbua, mkuu wa shule moja ya harambee ya wasichana karibu na Wote. Kidato cha nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kitaifa, na maabara yao ilikuwa na meza, mabomba yasiyo na maji, na hadubini moja iliyopasuka kioo. Kwa kuwa wasichana hawangeweza kuona seli kwa macho, alitaka nizichore kubwa ukutani.

Mwalimu wa biolojia, Mbula, alikuwa Machakos kwa semina ya wiki nzima. Aliacha vipande vitano vya karatasi, kila kimoja na mchoro wake. Pembeni mwa kila kipande kulikuwa na namba ndogo ya penseli. Mimi nikadhani ni namba za mikebe ya rangi, na kwa kuwa mikebe yangu haikuwa na namba, nikazipuuza.

Nikavipanga vile vipande mezani na kuvitazama kama mtaalamu. Kimoja kilikuwa na maduara mawili yanayogusana. Kingine kilikuwa na duara moja lenye nyuzi zinazovutana huku na huku. Kingine nyuzi zimejipanga katikati. Kingine nyuzi nene zimetawanyika. Na cha mwisho, duara moja kubwa limetulia, na kiini kimekaa ndani yake kama kiini cha yai. Mimi ni mtu wa kanisa na nimeoa. Nikaelewa papo hapo: hii ni ndoa. Wawili wanakutana, wanavutana, wanakubaliana, mwishowe wanatulia na kuwa kitu kimoja.

Nikapaka hivyo, kutoka kushoto kwenda kulia, siku nne mfululizo. Nyuzi nilizipa rangi nne: nyekundu, buluu, manjano na nyeusi. Buluu ilipoanza kuisha, upande mmoja wa lile duara la kuvutana ukapata nyuzi tatu. Upande wa pili nikaongeza nyekundu moja ili jumla isipungue.

Mwalimu Mumbua, ambaye alikuwa anafundisha dini, aliingia akautazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe hata sayansi inajua habari ya ndoa," alisema.

"Inajua sana, mwalimu," nikajibu.

Jumatatu Mbula alirudi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita hivi, mwembamba, sauti yake ya upole. Kabla hajautazama ukuta vizuri, alimuuliza mwanafunzi mmoja, Muthoki, aeleze mitosisi.

Muthoki akasimama. "Seli mbili hukutana, nyuzi zao zikashikana, halafu zikawa seli moja."

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Ukuta, mwalimu."

Wasichana thelathini na wawili walikuwa wamenakili ukuta wangu madaftarini, kwa kalamu. Nikaitwa siku hiyo hiyo.

"Mzee Muthama," Mbula alisema, "umepaka mambo kinyumenyume. Zile namba za penseli zilikuwa za mpangilio."

"Mwalimu, mimi nimeoa miaka kumi na tano. Najua wawili wanavyokuwa mmoja."

"Hii si habari ya kuoa. Hapa seli ni moja, inagawanyika kuwa mbili."

Nikamwambia kwa ujasiri kwamba kitu kikigawanywa hupungua, kila mtu anajua. Hakubishana nami. Alienda darasa la sayansi ya nyumbani akarudi na nyuzi za sufu za kufumia, vipande viwili vya kila rangi. Akafunga vipande viwili vyekundu pamoja katikati, viwili vya buluu pamoja, vya manjano vivyo hivyo, na vyeusi.

"Kabla ya kugawanyika, seli hutengeneza nakala ya kila uzi," alisema. "Ndiyo maana viko viwili viwili. Vipange katikati ya meza."

Nikavipanga, mstari mmoja.

"Sasa fungua mafundo. Kila jozi, mmoja uvute kwako, mwingine niletee mimi."

Nikavuta. Mbele yangu kulikuwa na nyekundu, buluu, manjano na nyeusi. Mbele yake kulikuwa na nyekundu, buluu, manjano na nyeusi. Nilihesabu mara mbili, maana nilitumaini amekosea.

"Hakuna aliyepunguziwa," akasema. "Wewe ulianza maisha ukiwa seli moja tumboni mwa mamako. Ikawa mbili, nne, nane, mpaka ukawa mtu wa kupanda ngazi. Nyuzi hizi ndizo zinazobeba maagizo ya mwili. Seli ikikosa uzi mmoja, au ikizidishiwa, mara nyingi hufa. Nyingine huendelea kuzaana ovyo, ikawa uvimbe." Akainua macho ukutani. "Tatu huku, tano kule. Hii yako ni mgonjwa kabisa."

"Rangi ya buluu iliisha," nikasema. Ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyokuwa nimesema wiki nzima.

Nilianza kuukwangua ukuta kwa hasira. Kisu kikateleza, kikanichuna ngozi ya kifundo cha mkono, jeraha la upana wa sarafu. Mbula alinisafishia kwa maji ya chumvi akanifunga kitambaa.

"Kila siku kitazame kidonda," aliniambia. "Ngozi ya pembeni itaanza kujigawa kuja katikati. Hiyo ndiyo kazi uliyoipaka vibaya."

Nilikitazama. Siku ya tano ukingo wake ulikuwa umeingia ndani, mwekundu na mwororo. Siku ya kumi na mbili jeraha lilikuwa limefunga. Hakuna aliyelishona wala kulivuta. Niliona haya, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unajua jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelibishia.

Wakati huo huo nilipaka ukuta upya. Wasichana walisimama nyuma yangu wakihesabu nyuzi kwa sauti, na nikikosea waliguna wote pamoja. Kwenye jaribio la shule lililofuata, Muthoki alieleza mitosisi bila kukosa hatua hata moja. Ningeacha hapo ningekuwa mtu mwenye busara.

Sikuacha. Nilikuwa sasa namwonyesha kila mtu kovu langu. Kanisani niliombwa nisalimie waumini, nikawaeleza habari ya seli kwa nusu saa, kwa ishara za mikono. Mke wangu, Kasyoka, alingoja mpaka tulipofika nyumbani.

"Baba Nzomo, watu walitaka salamu tu."

Mwaka wa 1992 sifa zangu zilifika hadi Nuu. Mwalimu wa huko, Mutunga, aliniita nipake ukuta kama ule. Alinipa mchoro wake akaenda kufundisha. Nikautazama na kutikisa kichwa kwa huruma. Seli moja ilikuwa inagawanyika mara mbili, mwishowe zinatoka nne, na kila moja ina nusu ya nyuzi. Kijana wa watu, nikasema moyoni, amekosea vibaya. Nikamsahihishia. Nikapaka seli mbili, nyuzi kamili, kazi safi.

Mutunga alirudi. "Mzee Muthama, seli zangu mbili zimeenda wapi?"

"Nimekurekebishia, mwalimu. Seli hutoa mbili. Na nyuzi nusu ni ugonjwa."

Alinitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena.

"Hiyo unayoijua ni ya ngozi, ya damu, ya mzizi wa mahindi," akasema polepole. "Mimi nilichora meiosisi. Ni mgawanyiko mwingine, wa kutengeneza mbegu za uzazi. Lazima mbegu ya baba iwe na nusu, na yai la mama nusu, ndipo mtoto apate kamili."

"Kwani ziko aina mbili?"

"Ziko mbili."

Niliomba kisu cha kukwangulia. Nilibaki Nuu siku tatu zaidi, na safari hii niliomba ruhusa ya kukaa darasani kabla ya kugusa brashi. Mutunga akanipa nafasi kwenye benchi la mbele, magoti yangu yakigonga dawati. Akaeleza, kisha akauliza darasa seli ya mtu ina nyuzi ngapi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza swali.

"Nne!" nikasema. "Nyekundu, buluu, manjano na nyeusi."

Ni arobaini na sita, na hazina rangi hizo. Lakini mkono wangu ndio uliokuwa wa kwanza.