Mchoraji wa ‘Ngome ya Masizi’ na picha iliyotumwa kutoka ngazi za nyumbani kwake

Saa mbili asubuhi, jua limeshaushika ukuta wa jengo la jirani, lakini ndani ya chumba hiki pazia limefungwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo lisiachie mwanya. Mwanga pekee unatoka kwenye kompyuta. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu ameinamia kibao cha kuchorea, kalamu mkononi. Anavuta mstari mwembamba, rangi ya kaa la moto, kwenye ukingo wa jiwe jeusi. Anaufuta. Anauvuta tena.

Chini, lango la chuma linajifunga kwa kishindo. Kalamu inasimama hewani. Nyayo zinapanda, zinafika kwenye ghorofa yake, zinapita, zinaishia juu. Mlango unafunguliwa huko na kufungwa. Ndipo anapoushusha mkono.

“Ndivyo ninavyofanya kazi siku hizi,” anasema bila kugeuka. “Kila anayepanda, lazima nijue ameishia wapi.”

Kazini wanamwita Wino, na ndilo jina aliloomba litumike hapa. Ndiye aliyechora mandhari karibu yote ya Ngome ya Masizi, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka jana. Wahakiki waliusifu kwa uzuri wake, kisha wakaulaani kwa karibu kila kitu kingine.

Katika mchezo huo, msichana asiye na uso anapanda ngome iliyoungua, akiwa amebeba kaa moja la moto kwenye bakuli. Anaruka kutoka ukingo hadi ukingo, boriti hadi boriti. Nyuma yake linapanda dude linaloitwa Mmezaji, lenye mikono mingi kuliko inavyohitajika, na kila taa linayoipita inazimika. Akiteleza, anaanguka gizani, na kaa linazimika naye.

Ukiutazama tu bila kuucheza, ni vigumu kuondoa macho. Masizi yananing’inia kwenye dari kama nywele. Maji meusi yanatiririka kwenye ngazi huku yakibeba mwanga wa kaa, na kila dirisha linaonekana kama limetoka kufungwa na mtu sasa hivi.

“Watu huniuliza nilitoa wapi ngome ile,” anasema. “Sikwenda mbali. Ni hapa.”

Jengo analokaa ni la zamani, lina ghorofa nne, na ngazi zake hazijawahi kukauka vizuri tangu bomba la juu lilipopasuka. Taa ya ghorofa ya pili iliibwa, ikabaki waya. Ukuta wa kwenye kona una ufa mrefu uliogawanyika mara tatu. Wino alikuwa akitoka na simu yake, anapiga picha, anarudi ndani kuchora. Mama yake mzazi, anayeishi naye, alidhani anakusanya ushahidi wa kumpeleka mwenye nyumba mahakamani.

“Nikamwambia mwanangu, umefanya vizuri,” bibi huyo anasimulia. “Kumbe anachora pepo.”

Alichora kwa miaka miwili, akilipwa kwa kila mchoro uliokubaliwa. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kuna miezi ambayo kalamu ndiyo iliyolipa kodi na ada ya binti yao wa miaka minane.

Tatizo la mchezo lilikuwepo tangu mwanzo. Mchezaji hakuweza kujua akanyage wapi. Ukingo wa kukanyagwa na ukingo wa pambo zilichorwa kwa ustadi uleule. Mtu anaona ubao, anaruka, anapita katikati yake kama anayepita kwenye moshi. Na akishaanguka anarudishwa mbali, aanze kukimbizwa upya.

“Tuliambiwa,” anakiri kiongozi wa timu yao, mwanamume mpole anayezungumza kama mtu aliyetoka kuugua. “Watu wa majaribio walisema hawaoni pa kukanyaga. Lakini tulikuwa tumeipenda ile michoro mno. Tukawaambia watazoea.”

Hawakuzoea. Wiki ya kwanza baada ya mchezo kutoka, Wino alisoma maoni akicheka. Wiki ya pili aliacha kucheka. Mwishoni mwa mchezo majina ya waliouunda hupita kwenye kioo, na yeye aliandikwa kwa jina lake la kazini, lilelile analotumia mtandaoni. Wenye hasira hawakuhangaika kumtafuta.

Wengi walitukana tu. Wachache walikuwa wa aina nyingine. Mmoja aliandika kwamba aliyechora ngome ile anastahili kuangushwa kweli, kutoka mahali pa juu. Alirudi kesho yake na ujumbe mfupi zaidi: “Nitakuonyesha kuanguka kunavyokuwa.” Na kesho yake tena.

Wino alikwenda kituo cha polisi. Askari aliyemsikiliza alikuwa na adabu, akaandika kila kitu, mwisho akauliza kama mchezo wenyewe hauwezi kuzimwa.

“Nikamwambia unazimika, baba. Watu ndio hawazimiki.”

Basi akafanya kile ambacho kila mtu alimshauri: asisome, asijibu. Akakaa siku kadhaa bila kufungua akaunti yake. Alipoifungua, alikuta picha.

Ilikuwa picha ya ngazi. Aliitazama kwa muda akidhani ni kipande cha mchoro wake mwenyewe, kwa sababu ufa uliogawanyika mara tatu ulikuwa pale, na waya wa taa ulikuwa pale. Kisha akaona, pembeni chini, kandambili ya manjano. Ilikuwa ya binti yake. Aliiacha ngazini jana yake na bibi akamgombeza.

Chini ya picha palikuwa na maneno machache: “Nimefika. Safari hii sikuanguka.”

Aliyeituma hakuwa na sura. Kwenye akaunti yake palikuwa na kichwa cheusi, laini, chenye mpasuko mwembamba mahali pa macho.

“Sijui nilikaa pale kwa muda gani,” anasema Wino. “Ninachokumbuka ni kwamba mama alikuwa anaongea na mimi kutoka jikoni, na mimi naikuza ile kandambili kwenye kioo, naikuza tena.”

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Pazia likafungwa. Kitasa kikabadilishwa, komeo likaongezwa, na kabati la vyombo likawa linasukumwa mlangoni kila jioni. Mume, akiwa njiani na shehena isiyoweza kuachwa, alipiga simu kila aliposimama. “Hamia kwa dada,” alimwambia. “Na shule je?” Wino akauliza.

Mtoto akakatazwa kupanda ngazi peke yake. Bibi, ambaye magoti yake yana ugomvi wa siku nyingi na ngazi hizo, akawa anashuka kumpokea huku amebeba mchi wa kutwangia.

“Kama ni mtu, ana kichwa,” anaeleza bibi. “Na kama ana kichwa, mchi unajua pa kwenda.”

Lakini mtoto alikuwa ameshasikia mambo ya simu kupitia mlangoni. Siku moja akiwa anavuliwa viatu aliuliza: “Mama, Mmezaji ni wa kwenye kompyuta au wa kwenye ngazi?”

Wino anasema alijibu haraka, wa kwenye kompyuta. Kisha akaenda bafuni na kufungua maji ili asisikike.

Ulipita karibu mwezi. Halafu alasiri moja bibi alikuwa amelala kwa homa, na muda wa mtoto kurudi ulikuwa umekaribia. Wino aliondoa komeo mwenyewe, akatoka. Ngazi zilikuwa na giza lao la kawaida, lile la mchana. Aliposhuka hatua chache, akasikia pumzi.

Aliijua pumzi ile. Ilikuwa ya Mmezaji. Fundi wa sauti aliitengeneza kwa kuburuza gunia kwenye saruji na kuipunguza kasi, na Wino alikuwepo siku ile. Sasa ilikuwa inapanda kutoka ghorofa ya pili, polepole, ikigonga kuta.

“Akili iliniambia rudi ndani,” anasema. “Lakini mwanangu alikuwa anakuja kutoka chini. Kama ningerudi ndani, yule mtu angekuwa katikati yetu.”

Akashuka.

Kwenye kona palikuwa na mwanamume amempa mgongo, simu mkononi ikionyesha video ya ngome ile, sauti imefunguliwa, anaiinua simu sambamba na ukuta kama anayepima. Aligeuka. Alikuwa fundi wa kuchomelea anayekaa ghorofa ya chini, yule ambaye watoto wa jengo humwita Cheche, aliyewahi kuwatengenezea lango lao la chuma bila kudai kitu.

“Habari za mchana, dada,” akasema, na kupunguza sauti ya simu.

“Unafanya nini hapo?”

“Naangalia huu ufa. Sijui kama unajua mambo ya gemu. Kuna moja, ngazi zake ni hizihizi. Ufa huu, waya ule, kila kitu. Nimemwandikia aliyechora, hajanijibu.”

“Ulimwandikia nini?”

“Nilimtumia picha. Nikamwambia nimefika, safari hii sikuanguka.” Akacheka kidogo. “Maana kwenye gemu hapa ndipo ninapoanguka kila siku.”

Wino akakaa kwenye ngazi yenye maji, na gauni lake. Fundi akadhani anaugua, akasogea kumshika. Akamwambia, “Usinisogelee.” Kisha akamwambia: “Wino ni mimi.”

Fundi mwenyewe anakumbuka vizuri kilichofuata. “Nilidhani ananitania. Halafu nikamwona usoni. Nikafungua ule ujumbe wangu, nikausoma kama umeandikwa na mtu mwingine. Ningekuwa nimetumiwa mimi, ningehama siku ileile.” Kile kichwa cheusi kisicho na sura ni kofia yake ya kuchomelea. Mke wake alimpiga picha karakanani, akaipenda.

Mtoto aliwakuta hivyohivyo, mama amekaa kwenye maji na Cheche amesimama mbali, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akawasalimia wote wawili na kupita.

Vitisho vingine havikuwa vya fundi. Hilo Wino alilijua kabla hajamuuliza, na ndilo linalomnyima usingizi hadi leo. Yule aliyeahidi kumwonyesha kuanguka hajajulikana. Aliacha kuandika muda mfupi baadaye, na polisi hawajui ni nani. “Kunyamaza kwake hakunisaidii,” anasema. “Alipokuwa anaandika, angalau nilijua yuko mahali fulani amekaa.”

Lakini jambo moja lilibadilika. Siku chache baada ya tukio la ngazini, fundi alimtuma mke wake na ujumbe: kama dada hana kinyongo, aje aone jinsi gemu lake linavyomtesa mtu. Wino alikwenda, mama yake akiwa naye. Fundi alikuwa hata hawezi kumtazama. Akawasha kompyuta, akaanza kucheza.

Wino hakuwahi kukaa karibu na mtu asiye wa kazini akicheza mchezo ule. Alimwona akifika kwenye ile kona, Mmezaji nyuma yake, taa zikizimika moja baada ya nyingine. Alimwona akiinama mbele, jasho kwenye paji. Fundi akaruka kuelekea kizingiti cha dirisha. Kizingiti hakikuwepo. Akaanguka. Akarudi. Akaruka palepale tena.

“Nilichora dirisha zuri,” anasema Wino. “Yeye alikuwa anatafuta pa kukanyaga. Anakimbizwa, anaogopa kweli, na mimi nimemwekea pambo. Nilijua woga ule. Nilikuwa nao mwezi mzima.”

Akampigia kiongozi wa timu siku iliyofuata. Wakakubaliana kutoa toleo jipya la mchezo, na tangu hapo anapitia ngome nzima, chumba kwa chumba. Kila ukingo unaobeba uzito unapata ule mstari wa kaa la moto, mwembamba, wa kuonekana na mtu mwenye haraka. Kila ambao haubebi unarudishwa gizani. Kwa masikio yake mwenyewe amemsikia fundi, ambaye yeye humtumia vipande vya majaribio, akivuka ile kona na kumwita mkewe aje aone.

Kuna jambo jingine analolifanya, na hilo analifanya kwa maumivu. Anaziondoa ngazi za nyumbani kwake. Ufa unafutwa, waya wa taa unafutwa, kona inageuzwa upande mwingine. Kama fundi aliweza kuzitambua, mwingine anaweza.

“Ndio mchoro wangu bora,” anasema, akiukuza kwenye kioo ili mgeni auone kabla haujaondoka. Maji meusi yanashuka ngazi kwa ngazi na mwanga mgongoni. “Lakini ndani yake kuna anwani ya mwanangu.”

Anabonyeza kitufe. Ufa unatoweka, ukuta unabaki mweusi mtupu.

Mwezi ujao timu imekodi ukumbi, na wachezaji wamealikwa kujaribu toleo jipya kabla halijatolewa. Yeyote atakayejiandikisha ataruhusiwa kuingia. Kiongozi wa timu alimwambia hana haja ya kuja, watamrekodia. Mume wake naye alisema hivyohivyo kwa simu, na mama yake bado hajaacha kusema.

Wino amekwishaamua. Anataka kukaa nyuma ya kila mchezaji, atazame mikono yao wanapofika penye giza, aone ni wapi wanasita.

“Sitajua nani ni nani mle ndani,” anasema. “Huenda na yule aliyenitishia akaja. Nimeliwaza hilo kila siku.” Anazungusha kalamu vidoleni, anaitazama. “Nimeomba kiti cha karibu na mlango. Lakini nitakwenda.”