Kompyuta ya Kupeperushia Mazishi

Chepkosgei wa Lanet hupeperusha mazishi mtandaoni. Watoto wa Nakuru wametawanyika Doha, Leeds na Dallas, na waajiri wao hawatoi ruhusa kila mzazi anapofariki, kwa hiyo lazima awepo wa kuwaonyesha jeneza. Ni kazi ya heshima. Lakini Chepkosgei ana ugonjwa niliowahi kuukuta Dubai na Guangzhou pia: anaamini kwamba kitu kinachong'aa ndicho kinachofanya kazi.

Laptopu yake ilikufa wiki ambayo familia moja ya Subukia ilikuwa imemkodi. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu, Wangare, mlinzi wa hoteli huko Doha aliyenyimwa likizo. Wangare angesoma wasifu wa mama yake kupitia skrini. Picha ingekataa, hangemzika mama yake.

Pesa za laptopu nyingine yenye nguvu hazikuwepo. Zilizokuwepo zilitosha kompyuta ya mezani, ya kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Akapanda ngazi hadi duka la Shabir, mzaliwa wa Nakuru kama babu yake, mtu anayewadharau wateja wote bila ubaguzi.

"Sasa boss. Nataka hiyo." Alinyooshea kidole kasha la kompyuta la kioo dirishani, lenye taa za kubadilika rangi.

"Ya kazi gani?"

"Mazishi."

"Madam, unazika watu ama unafungua disko?"

"Familia husimama nyuma yangu wakiangalia mashine. Wakiona kasanduku ka karani, sipati kazi ingine."

"Sikiza. Ukichukua taa, unabaki na pesa ya prosesa ya chini. Hiyo haitoi picha peke yake, itataka kadi ya picha. Wacha taa, chukua hii." Alisukuma kwa mguu sanduku jeusi la kompyuta lililochakaa katika ofisi fulani ya Uingereza. "Ina kila kitu ndani."

"Eti kadi! Nyinyi wa town lazima muongeze kitu juu."

"Basi nunua taa. Mimi nauza zote."

Na kweli anauza zote. Dirisha lake limejaa vitu anavyovicheka, kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa. Chepkosgei alilipia kasha, kisha akashuka kwa kibanda cha chini akanunua prosesa rahisi zaidi na vipande vingine, bila kadi, akijisifu moyoni kwamba amemshinda mfanyabiashara mjanja. Ushauri wa kweli aliupata bure, akauona ni ulaghai. Watu hulipia ushauri mbaya kwa furaha kubwa kuliko wanavyopokea mzuri wa bure.

Ijumaa asubuhi aliunganisha vipande mezani kwake, kwa mikono safi na makini. Akabonyeza. Feni zikazunguka, kasha likawaka zambarau, kijani, nyekundu, ukuta mzima ukapakwa rangi za harusi. Skrini ikabaki nyeusi. Alibadilisha waya. Akaazima televisheni ya jirani. Nyeusi vilevile, na lile kasha likizidi kumwakia.

Simu ikalia. Ilikuwa Doha.

"Dada, kesho nitaona vizuri?"

"Utaona, mamii. Usijali."

Alikata simu, akafunga kasha kwa leso na kulirudisha kwa Shabir.

"Karibu, Madam Disko."

Shabir alimwacha asimame pale akiwahudumia wengine kwanza, kwa starehe. Mwishowe alichukua kasha na vyote vilivyomo kwa bei ya kuumiza, akampa sanduku jeusi la ofisini.

"Hii ya taa inarudi dirishani," alisema. "Mwingine kama wewe hakosi kupita."

Subukia, hema zilikuwa zimesimamishwa na jenereta inanguruma. Mjomba wa Wangare, mwenye suti na maoni, alikuja kukagua.

"Hii ndiyo mashine? Ya wale waliozika juzi ilikuwa na mataa, hata watoto walifurahi."

Aliyasema hayo karibu na jeneza la dada yake. Chepkosgei, ambaye siku chache nyuma angekubaliana naye kabisa, alichomeka waya. Aliwasha.

Wangare akatokea skrini nzima, akiwa na sare ya kazi, amejificha chumba cha kubadilishia nguo. Alisoma wasifu bila kukatika hata neno. Kisha waombolezaji wakaenda kaburini, na Chepkosgei akawafuata na kamera yenye waya mrefu. Jeneza likaanza kushuka.

"Dada, shusha kamera," sauti ya Wangare ilisema kwenye spika. "Sioni chini."

Chepkosgei alipiga magoti kwenye udongo mbichi akiwa na rinda lake zuri, akanyoosha mkono wenye kamera juu ya shimo.

"Hapo. Sasa namwona. Niwekee na udongo wangu, tafadhali."

Kwa mkono wa pili Chepkosgei alichota udongo, akaupitisha mbele ya kamera ili Wangare mwenyewe auone, akaumwaga kaburini.