Njiwa na Pafu la Mume Wangu

Mume wangu alianza kukohoa baada ya kustaafu ualimu, alipopata nafasi ya kukaa na njiwa wake kutwa. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina ghorofa mbili, na juu ya paa amewajengea banda. Mimi nilisema ni mafua, kisha nikasema ni uzee. Nilikuwa na jawabu kwa kila kikohozi, mpaka siku aliposimama katikati ya ngazi zetu wenyewe, ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi. Hapo niliingiwa na hofu, na mpaka leo haijanitoka.

Hospitali alipigwa picha ya kifua. Daktari, binti wa umri wa kitindamimba wangu, alituamkia vizuri, akauliza habari za kazi, sigara, jiko la kuni. Kisha akauliza kama tunafuga ndege. Mume wangu akafurahi, akaanza kuwasifia njiwa wake, yupi mzazi mzuri, yupi mgomvi, na yule binti akaacha kuandika. Alitueleza kwamba vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa limeyaumiza mapafu yake kwa miaka mingi, yakafanya makovu, na pafu lenye makovu huwa gumu, halitanuki.

Mimi nikaona yamekwisha. Njiwa waondoke, pafu lilainike. Nilimwambia daktari hivyo, ndipo aliponieleza jambo ninalolichukia mpaka leo.

"Mama, mishipa ya damu humo ndani imetandikwa seli nyembamba, na hizo seli zinahisi pale zilipokaa. Pakiwa laini, zinatulia. Pakiwa pagumu, zinabadilika, zinaacha kazi yake na kuchochea makovu mengine. Njiwa lazima waondoke, na dawa nitampa, lakini siwezi kukuahidi kwamba ugonjwa utasimama."

Nilirudi nyumbani na maadui wawili. Adui wa kwanza nilimjua, ana mbawa na yuko juu ya paa. Huyu wa pili sikuwa na pa kumshika: ugumu unaozaa ugumu, ndani ya mwili wa mume wangu, bila yeye kukosea tena chochote. Alasiri akijinyoosha nilikuwa namwekea kiganja kifuani, nikijidanganya kwamba nitahisi pakilegea. Siku moja akaamka, akaniuliza kama nakanda unga wa maandazi. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Njiwa niliwapeleka kwa kaka yangu Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa, wote kumi na mmoja, ndani ya tenga. Aliwafungia wiki nzima ili wapazoee. Asubuhi alipowafungulia, adhuhuri walikuwa juu ya paa letu, wote. Mtu aliyekaa na mfuga njiwa miaka thelathini alipaswa kulijua hilo, kwamba njiwa hurudi kwao. Nilisimama pale na upande wa khanga puani, nawaogopa ndege wasiofika hata ratili moja kwa uzito.

Mume wangu akasema wachinjwe. Nilimwambia nitamwita jirani, maana sisi wanawake wa mtaani kwetu ndivyo tulivyozoea: ukitaka kuku achinjwe, unasimama naye mlangoni mpaka apite mwanamume. Alikataa.

"Mie nimewafuga, mie ntawachinja."

Nikamvisha barakoa mbili, nikamwekea kigoda uani, nikawa namshikia mmoja mmoja. Wa kwanza, wa pili na wa tatu walikwenda vizuri. Kwa wa nne alisema bismillahi, akanyamaza. Kisu kilikuwa juu ya shingo ya njiwa, na yeye anatafuta pumzi ya kumalizia Allahu akbar. Nilihisi moyo wa yule ndege unapiga viganjani mwangu, na wangu unakwenda mbio kuliko wake. Pumzi ikamjia, akamaliza.

Kwa wa tano haikumjia. Aliniangalia juu ya barakoa, akanyoosha kisu, mpini upande wangu.

"Malizia," alisema, akapumzika. "Malizia wewe."

Sikuwahi kuchinja hata kuku. Nilimkanyaga njiwa mbawa kama nilivyowaona wanaume wakifanya, nikasema bismillahi Allahu akbar, maneno yote kwa pumzi moja, nikachinja. Mume wangu aliyasikia, akageuza uso ukutani. Walibaki sita.