Ngano Kwenye Waridi za Mama Bhagwanti

Nimetunza maua ya watu miaka kumi na minane hapa Nakuru, lakini sikuwahi kuona mtu akivua viatu na kulipigia magoti kosa langu.

Hadi Oktoba iliyopita.

Someni polepole. Mimi mwenyewe naandika kwa kidole kimoja.

Naitwa Wasike. Naishi Kaptembwo, na kila asubuhi natembea hadi Milimani kwa Mama Bhagwanti, mjane wa Kihindi. Kazi yangu ni matuta manne marefu ya waridi, yaliyopandwa na marehemu mumewe, Dilip.

Mwaka jana mgongo ulianza kunisaliti. Nikiinama kung'oa magugu, kuinuka ni kama kumwinua mtu mwingine.

Sikumwambia mtu. Mtu wa shamba akisema mgongo unauma, anatafutiwa wa kumrithi.

Magugu yakanishinda. Jumapili moja akaja Tarun, mtoto wa Mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini.

"Wasike, hii ni bustani ama ni msitu?"

"Mvua imezidi, boss."

"Sikiza. Naleta nailoni nyeusi, juu yake kokoto nyeupe. Hakuna magugu, hakuna kumwagilia, hakuna stress."

Hakusema "hakuna Wasike". Lakini nilisikia.

Mama alikuwa ameketi barazani na chai yake. Akaweka kikombe chini.

"Tarun, jua ya January itachemsha hiyo mawe. Waridi ya baba yako itapikwa. Wacha Wasike atafute kitu ingine ya kufunika. Kama ikishindwa kabla ya sikukuu ya Diwali, leta mawe yako."

Basi maisha yangu yakaning'inia kwenye swali moja: nifunike udongo na nini?

Vumbi la mbao lingepatikana bure, lakini likiwa bichi linanyonya nguvu ya udongo. Nimeliona likigeuza waridi za jirani kuwa manjano. Maganda ya kahawa ni mazuri sana, ila yanatoka mbali. Nyasi iliyokatwa huja na mbegu zake, kwa hivyo hapo unajipandia magugu mwenyewe.

Nikaamua mabua ya ngano. Ni mepesi, yanashika unyevu, na yakioza yanakuwa mbolea.

Nikaenda Njoro kwa Chepngeno, mama anayeuza marobota ya mabua.

"Ni ya kulisha ng'ombe ama ya kufunika, mzee?"

"Ya kufunika maua."

"Basi usiyamwage hivi hivi. Hii mashine ilivuna vibaya, ngano imebaki ndani. Kung'uta kwanza. Halafu mwagia maji, ngoja wiki mbili zile punje ziote zikauke. Ndio ufunike. Umeskia?"

"Nimeskia, mama."

Nilisikia kweli. Lakini marobota yalikuwa kumi na mawili. Nilikung'uta moja, mgongo ukanililia. Nikayatazama yale kumi na moja yaliyobaki. Nikasema, aah, punje chache zitafanya nini?

Nikayatandaza vile vile.

Wiki mbili za kwanza nilitembea kifua mbele. Hakuna gugu hata moja. Ukifunua mabua unakuta udongo wenye unyevu na minyoo inajivinjari. Hata Tarun hakutaja tena kokoto zake.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo.

Jumatano asubuhi nilifungua geti nikasimama hapo hapo. Matuta yote manne yalikuwa kijani. Ngano! Na si mche mmoja wala miwili. Ilikuwa imejaa kotekote katikati ya waridi kama shamba la mtu.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Sikulia. Nilikuwa nimechoka, hata kuogopa nilichoka.

Tarun alipofika, alianza kwa kucheka.

"Wasike, umetupandia chapati?"

Halafu akaacha kucheka. "Lori ya kokoto inakuja Saturday. Wewe maliza wiki."

Nikaanza kung'oa. Sikuwa nimefika mbali niliposikia, "Wacha!"

Mama Bhagwanti alikuwa anashuka ngazi. Akavua champali zake, akapiga magoti kwenye matope, sari na yote.

Niwaeleze. Ilikuwa siku ya nne ya Navratri, zile siku tisa ambazo Wahindi humwomba Mataji, mungu wao wa kike. Kila mwaka Mama hupanda ngano kwenye chungu cha udongo pale anapoombea. Ikiota vizuri, ni baraka ya nyumba. Na haiguswi mpaka zile siku ziishe.

"Tarun," alisema, "chungu yangu mwaka huu imekataa kuota. Sasa ona. Mataji ameotesha hapa, kwa waridi ya baba yako. Nani ataweka mawe juu yake?"

Tarun akainama, akavua viatu vyake pia.

Kufikia jioni jirani yetu Kavita na wenzake walikuwa wamekuja na taa ndogo na maua ya njano. Watu waliimba. Mimi nilisimama kando, moyo ukinichoma. Huyu mama anashukuru Mungu wake, na mimi najua ule ni uvivu wangu.

Siku ya sita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda mlango wa jikoni.

"Mama, nisamehe. Ile ngano ni mimi. Niliambiwa nikung'ute mabua, sikukung'uta."

Aliniita ndani, akavuta pazia la kona anapoombea.

Chungu kilikuwa pale. Ngano imejaa, ndefu, imefungwa uzi mwekundu.

"Imeota siku ya tatu," alisema. "Kila mwaka inaota."

"Lakini ulimwambia Tarun..."

"Mataji nimemwambia ukweli, atanisamehe. Tarun nitamwambia baada ya Diwali." Akanitazama. "Dirisha yangu inaangalia bustani, Wasike. Mwaka mzima nakuona ukishika mgongo. Mawe ikija, wewe unaenda. Na wewe ukienda, mimi nitaongea na nani kutoka asubuhi? Na mawe?"

Siku zote nilidhani ni mimi peke yangu ninayeliogopa lile lori.

Kokoto za Tarun zilimwagwa kwenye maegesho ya magari, zikakaa vizuri huko. Siku ya kumi tulianza kung'oa ngano pamoja, Mama kwenye kigoda chake, mimi nikipumzika kila nilipochoka. Kazi ya asubuhi moja ilituchukua siku mbili, na hakuna aliyetuharakisha.

Ndugu zangu, mkichoka, semeni. Mimi nilimficha Mama mgongo wangu, naye akanificha upweke wake, na tulikuwa tunaonana kila siku. Tungeambiana mapema, yale mabua yangekung'utwa, na mama wa watu asingelazimika kumdanganya mtoto wake kwa ajili yangu.