Mchuzi wa Mabibo wa Shangazi Koleta

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi za Nachingwea hunukia mabibo kabla hakujapambazuka vizuri. Hulala mekundu na ya njano chini ya mikorosho, korosho zake zikiwa zimeshang'olewa, na watu wengi huyaachia mbuzi. Shangazi Koleta huyaokota moja moja, kimya, kama anayekusanya vitu alivyoviota usiku.

Kupika alifundishwa mara mbili. Akiwa msichana alifanya kazi kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka mjini, na bibi mwenye nyumba alimzoeza kusubiri mbegu za haradali zipasuke kwenye mafuta ya moto, ndipo atie kitunguu, manjano na jira. Miaka mingi baadaye, jikoni kwa masista huko Ruangwa, Sista Teodosia wa Brazili alimwonyesha kwamba bibo likikamuliwa maji yote, nyuzi zinazobaki hupikwa kama nyama, kwa tui la nazi na pilipili hoho. Sista alimwambia pia kwamba mkorosho asili yake ni kwao. Shangazi alicheka. Mkorosho wa babu yake kule Kiegei ulikuwa mzee kuliko habari yoyote aliyowahi kusikia.

Basi akayaunganisha mafunzo yote mawili. Haradali zikirukaruka na tui likianza kugeuka rangi, husahau yuko jikoni kwa nani: kwa bibi wa Kihindi, kwa Sista, au kwake.

Ni Mwanaima tu ambaye hakuwahi kuuonja mchuzi huo. Ni jirani na mtani wake wa miaka thelathini, anakula wali na mihogo ya nyumba ile bila wasiwasi, lakini si mabibo. Marehemu Kassian, mume wa shangazi, alikuwa akitengeneza uraka, pombe ya mabibo, na Mwanaima ni Mwislamu asiyetaka hata harufu yake. Sasa Kassian ana misimu mitatu kaburini, na Mwanaima anahamia Mbekenyera kwa mwanawe. Shangazi alitaka ale mara moja tu kabla hajaondoka.

Akamwalika Jumamosi. Aliokota alfajiri, akakamua, akaosha nyuzi kwa maji ya chumvi, akapika. Mwanaima alikuja, akaketi mkekani, akaisifu harufu, akanawa. Kisha macho yake yakatua kwenye gogo lililochongwa kama hori, ambamo Kassian alikuwa akikamulia mabibo ya uraka, likiwa limeegemezwa ukutani likikauka. Mkono wake ukarudi mapajani.

"Mtani, umekamulia kwenye gogo la marehemu?"

Shangazi alieleza kwamba amelisugua kwa majivu na maji ya moto.

"Hilo limekunywa miaka ishirini," Mwanaima alisema taratibu. "Hata ulichemshe, bado limelewa."

Shangazi alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki. Hakuwa amewaza lolote. Mikono ilikuwa imelifuata gogo kwa mazoea, kama kila msimu. Akakisogeza pembeni chungu kilichokuwa bado kikitoa mvuke.

"Twende kwako, utoe kifumbu chako cha kukamulia nazi," akasema. "Na sufuria yako. Leo utakamua mwenyewe."

Wakahamia uani kwa Mwanaima na kapu la mabibo yaliyobaki. Mwanaima alijaza kifumbu, akakinyonga mpaka maji yakamtiririka viwikoni, huku akilalamika kwamba hajawahi kuona mgeni anayealikwa chakula akapewa kibarua. Shangazi alimjibu kwamba watani wa kwao hawali bure. Jua lilishafika utosini haradali zilipopasuka kwa mara ya pili siku ile, na Mwanaima akaruka nyuma kama msichana.

Alikula polepole, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Hakusema kama mchuzi ni mtamu. Alipomaliza alisukuma sahani mbele, kuelekea sufuria, na shangazi akampakulia tena.