Niliona afadhali niitwe mzinzi kuliko kusema najidunga peptide

Wakuu, salaam. Leo sina siasa wala mpira. Hii imenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkitaka kucheka, chekeni tu.

Naishi Ijuganyondo, Bukoba. Nina miaka 44 na mke anaitwa Koku, kwao ni Buganguzi, Muleba. Au niseme nilikuwa naye, hata sijui.

Mwaka juzi nguvu zilianza kuniishia. Siyo uchovu, ni hamu yenyewe ya kitandani ilipotea. Badala ya kwenda hospitali nikaingia online, nikakuta jamaa anauza peptide. Kwa maelezo yake ni vipande vidogo vya protini, ukijidunga vinapeleka signal kwenye ubongo, homoni zinaamka, unakuwa kijana tena.

Nikaagiza vichupa na sindano. Alisema viwekwe kwenye friji. Kwenye friji Koku angeviona, kwa hiyo nikavificha kwenye gunia la kahawa.

Nilichopata ni kichefuchefu na uso kuwaka moto. Kitandani bado sifuri. Kwa aibu nikahamia chumba cha wageni.

Siku moja Koku akazikuta sindano. Akaniuliza ni za nini. Nikasema za ng'ombe.

Wakuu, sisi hatuna ng'ombe.

Hakugomba. Kesho yake akaenda kwao.

Sasa kwetu Wahaya, mke akirudi kwao unamfuata na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Unakaa mbele ya wakwe na ndugu zao, unataja kosa lako kwa mdomo wako. Wanakukaripia, mnakunywa, unaondoka na mke wako.

Nikabeba rubisi, nikaenda Buganguzi. Baba mkwe akasema, "Mwanangu, tunakusikiliza. Umemkosea nini binti yetu?"

Sebule imejaa mashemeji. Nikawaza nikitamka habari ya nguvu za kiume hapa, itafika Bukoba kabla yangu.

Nikasema nilikuwa na mwanamke wa nje.

Wazee wakaguna, mmoja akacheka kidogo. Hilo kwao linasameheka. Nikapumua.

Koku ndiye aliyesimama. "Mimi nilidhani unaumwa," akasema. "Begi langu nilishafunga, nilikuwa narudi na wewe. Ungekuwa mgonjwa ningekuuguza."

Akaingia chumbani, hakutoka tena.

Niliporudi mjini ndipo nikaenda hospitali. Daktari akapima, kumbe sukari ilikuwa juu muda mrefu, na ndiyo iliyokuwa inanimaliza nguvu. Peptide akaniambia niache mara moja, maana hakuna anayejua ndani ya vile vichupa mlikuwa na nini. Nimeanza dawa, nimebadili chakula, natembea kila asubuhi. Miezi minane sasa na mwili umeanza kurudi.

Umerudi kwenye nyumba tupu. Bado napika ndizi za watu wawili, mkono umezoea, nyingine namwaga. Nina upweke, wakuu, nasema wazi.

Nilichojifunza: mwili ukibadilika, mwambie mkeo, halafu muende kwa daktari. Muuza vichupa wa mtandaoni hakujui. Na aibu niliyoikimbia ilikuwa ya siku moja tu.

Juzi nilimpigia Koku nikamweleza ukweli wote, sindano, sukari, kila kitu. Nikamwambia yule mwanamke hakuwepo. Akauliza, "Anaitwa nani?"

Sina jina la kumpa.

Aliyewahi kukiri kosa ambalo hakulifanya, aliaminiwaje tena? Karibuni mseme, hata wa matusi nitawasoma.