Neno Nililomsomea Dada Yangu

Nakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Misungwi, baba ameketi kwenye kigoda, dada yangu Nkwimba amesimama mbele yake na bahasha mkononi, na mimi naitwa kutoka kisimani nije nisome barua ya Kiingereza. Nilikuwa kidato cha pili. Katika kijiji chetu hapakuwa na mwingine aliyefika huko, na hilo nililijua vizuri kuliko nilivyokijua Kiingereza chenyewe.

Mwanangu, jana nimekuona na daftari lako la viambishi vya Kilatini, umeviandika kwa wino mwekundu: re ni tena, sub ni chini, pre ni kabla, in ni si. Ulifurahi, ukaniambia sasa huna haja ya kamusi. Leo nakuandikia nilichoshindwa kukuambia pale pale.

Mimi pia nilifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu wetu alikuwa amesoma seminari miaka kadhaa, akaacha upadri njiani, akaja na Kilatini chake darasani. Tulimpenda. Sisi tuliokulia kwenye lugha za huku tunaelewa upesi neno linalobadilika mwanzoni: anajua, hajui, mtu, watu. Kwa hiyo aliposema in ni si, nilijiona nimekabidhiwa Kiingereza chote. Nikaanza kuwasahihisha hata waliokuwa madarasa ya juu yangu.

Nkwimba alikuwa amefanya kazi miaka sita katika dispensari ya misheni. Aliingia kama mfagiaji, lakini daktari wa pale, mama wa Kizungu, mtu mzima, alimfundisha kuosha vidonda, kufunga bendeji, kupima joto, hata kuwatuliza kina mama wakati wa uchungu. Daktari alipomaliza muda wake alimwachia barua aipeleke chuo cha wauguzi Mwanza mjini, kisha akarudi kwao. Baba hakutaka binti yake aende mjini na karatasi ambayo hakuna anayejua inasema nini. Ni wasiwasi wa mzazi yeyote.

Barua ilikuwa fupi, mistari mitatu tu, nayo ilijaa maneno marefu. Mengine niliyaruka. Moja lilikuwa indispensable. Nililikata vipande kama nilivyofundishwa. In, si. Dispens, nikajua ni dispensari, ingekuwa nini tena? Able, kufaa. Mbele kidogo nikakuta unwillingly. Un, si. Willing, kutaka.

"Inasemaje?" baba akauliza.

"Inasema hafai dispensari," nikajibu. "Na kwamba anamwachia aende kwa kuwa hamtaki."

Dada alinitazama. "Soma tena, mdogo wangu. Mbona alinishika mkono akalia?"

"Wazungu ndivyo walivyo," nikasema. Sikuwahi kuishi na Mzungu hata siku moja.

Baba alisema basi, yamekwisha. Nkwimba aliitia barua motoni, chini ya chungu, akaendelea kupika. Mwaka huo huo aliolewa.

Nilipofika mwaka wa kwanza chuo cha ualimu nilikutana na neno lile katika kitabu, kwenye habari za maji na uhai wa mwanadamu. Safari hii nilifungua kamusi. Ni kitu au mtu ambaye bila yeye kazi haiendi. Na lile la pili tunalo la kwetu, ni shingo upande. Daktari aliandika kwamba bila dada yangu asingeweza kazi, na kwamba anaachana naye shingo upande. Kiambishi hakikunidanganya, mwanangu. In ilikuwa si, kweli kabisa. Uongo niliutia mimi, pale nilipokuwa sijui.

Likizo nilikwenda kwake nikiwa nimedhamiria kusema. Alinipokea kwa michembe ya viazi vitamu na maziwa, mtoto mgongoni, akaniita mwalimu mbele ya majirani. Nikala, nikashukuru, nikaondoka. Likizo iliyofuata vivyo hivyo. Nilijiambia ameshatulia, nitamuumiza bure. Ulikuwa woga tu, tena woga wa kupoteza jina lile la mwalimu. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote na siri hiyo, nimestaafu nayo, nimejenga nayo hapa Buzuruga, Mwanza mjini.

Mwaka jana dada alilazwa hapa mjini, figo zimechoka. Asubuhi moja muuguzi, binti mdogo tu, alikuwa akimfunga kidonda cha mguu. Dada akamwambia kwa upole aanzie chini apandishe juu, asiibane damu. Binti akashangaa.

"Bibi, kwani ulisomea uuguzi?"

"Hapana, mjukuu wangu. Sikufaa. Daktari aliandika."

Alikuwa amezeeka na neno langu. Muuguzi alipotoka nilimweleza yote. Alisikiliza huku akitazama dari, kisha akauliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Mwaka wa kwanza chuoni."

Akahesabu miaka. "Wakati huo nilikuwa na mtoto mmoja tu," akasema, akageukia ukutani.

Hakunitukana, wala hakunifukuza. Ila tangu siku hiyo alipotaka maji alimwita muuguzi, na mimi nimekaa pale pale kando ya kitanda. Siku ya tisa akafariki. Nimelia sana, na kulia hakujanisaidia kitu.

Basi, mwanangu, viambishi jifunze, ni vizuri. Lakini neno usilolijua usimsomee mtu ambaye maisha yake yanalitegemea. Sema sijui. Kwa mwalimu wangu palikuwa mwendo wa saa moja. Ningekwenda na kurudi kabla ya jua kuzama. Na ukikosea, siku utakayogundua ndiyo siku ya kusema, hata kama umekaribishwa chakula na watu wanakusifu. Mimi sina tena wa kumwomba radhi. Kaburi nalitembelea, lakini kaburi haliniulizi chochote.

Mungu akujalie ulimi usioona haya kusema sijui. Akupe miguu ya kumfuata uliyemkosea siku ile ile, na akujalie umkute akiwa bado ana umri wa kukasirika, na mwingine wa kukusamehe.